Mwalimu wa Macho ya Ng'ombe

Mwenye bucha wa karibu na stendi ya Machakos alikuwa Mwislamu wa Kikamba, mtu wa mzaha mwingi, na kwa muda mrefu aliamini kwamba mwalimu wetu wa sayansi alikuwa akila macho. Kila muhula wa pili mwalimu aliingia pale na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaomba macho manne ya ng'ombe, mabichi, ya asubuhi hiyohiyo, yasiyoguswa na kisu. Hakutaka nyama. Hakutaka hata mifupa ya supu. Mwishowe mwenye bucha alishindwa kuvumilia, akamuuliza kama yanakaangwa na vitunguu au yanachemshwa tu. Mwalimu akamjibu kwamba yanasomwa. Jibu hilo liliharibu mambo zaidi, maana kwetu mtu akibeba macho ndani ya mkebe na kusema anayasoma, majirani humalizia hadithi wenyewe.

Mimi nilikuwa mmoja wa walioyasoma macho hayo, katika shule ya msingi ya upande wa Katelembo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliyasoma nikiwa dawati la mwisho, kwenye kona, na aliyenikalisha pale ni yeye mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nimekuja kumsifu tu. Nampenda mwalimu yule mpaka leo, lakini kosa lake nalijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nililikalia miaka miwili.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na suruali zake zote zilikuwa zimekata tamaa ya kufika kwenye viatu. Chaki aliitumia hadi ikawa ndogo kuliko ukucha, kisha akaitia mfukoni badala ya kuitupa, ndiyo maana upande wake mmoja ulikuwa mweupe siku zote. Kwa mambo mengine alikuwa mwalimu kama walimu wengine, mkali wa kuchelewa, mkali wa kucha chafu. Lakini likija somo la jicho, sauti yake ilishuka. Alinawa mikono mara mbili kabla ya kufungua ule mkebe, na sisi watoto wa wakulima, tuliozoea kuona ng'ombe akichinjwa bila kupepesa, tulikaa kimya kana kwamba tuko kanisani.

Alianza kwa kuondoa mafuta na ile misuli midogo inayolishika jicho pande zote. Hii, alisema, ndiyo hukuwezesha kutazama kando bila kugeuza shingo, na ndiyo huwasaidia wale wanaoiba majibu wakati wa mtihani. Kisha wembe uliingia kwenye kioo cha mbele, ambacho kilikuwa kigumu kuliko tulivyodhani, na maji yakamtiririkia vidoleni. Akatuonyesha lile duara lenye rangi na tundu jeusi katikati yake, yaani mboni. Tulikuwa tumeamini maisha yetu yote kwamba mboni ni kitu, kidoa cheusi kilichobandikwa pale. Kumbe ni mlango ulio wazi, na weusi wake ni giza la chumba kilicho nyuma yake.

Halafu akaitoa lenzi. Ilikuwa laini, ya mviringo, na ukiibana inakuteleza kama sabuni. Aliiweka juu ya kipande cha gazeti, nasi tukapita mmoja mmoja kuchungulia. Herufi zilizokuwa chini yake zilikua. Fikiria hilo: kitu kilichokuwa ndani ya kichwa cha ng'ombe asubuhi, sasa kinamsaidia mtoto kusoma gazeti. Ndipo alipolifungua jicho lote na kutuonyesha ukuta wa nyuma, na hapo hata watundu walisogea karibu. Ndani mle mlikuwa na rangi ya buluu na kijani inayong'aa, kama mafuta ya gari yaliyomwagika juu ya maji. Alieleza kwamba ng'ombe amepewa ukuta huo ili aushike mwanga mara mbili palipo na giza, na ndiyo sababu macho yake humulika ukimpiga tochi. Sisi binadamu tuna ukuta pia, unaoitwa retina, ila wetu haung'ai. Msichana mmoja akauliza kama ng'ombe alijua ana uzuri kama ule. Mwalimu akaliinamisha jicho kuelekea dirishani.

"Hakuna mtu anajua ile kitu iko ndani ya macho yake," akasema.

Methali hakuziogopa. Waswahili wanasema macho hayana pazia, na yeye kila mwaka aliiandika methali hiyo ubaoni kisha akaipinga. Yana pazia mbili, alisema. Ya nje ni kope. Ya ndani ni lile duara lenye rangi. Alitupanga wawiliwawili mlangoni, mmoja afumbe macho hadi mwenzake ahesabu ishirini, kisha ayafungue kuelekea jua la nje. Tuliona mboni za wenzetu zikisinyaa mbele yetu, zenyewe, bila kuamrishwa na mtu. Tulirudia mpaka kengele ikalia. Nilikwenda nyumbani nikamfanyia mama hivyohivyo, akaniambia niache kumchezea macho nikatafute kuni.

Siku nyingine alituingiza kwenye stoo ya majembe, watoto kumi kwa zamu, akaziba kila ufa kwa magunia. Palibaki tundu moja la msumari kwenye bati la ukutani. Mkabala wake alikuwa amening'iniza gunia jeupe la unga, lililofuliwa. Tulisimama gizani tukisukumana, na macho yalipozoea, uwanja wa shule ukatokea juu ya gunia. Wenyewe, na rangi zake, lakini miguu juu. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakitembea kwa vichwa. Bendera ilining'inia kuelekea mbinguni. Nilishikwa na woga. Mwalimu akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba picha kama hii iko ndani ya kila mmoja wetu saa hii, imepinduka vilevile, na kichwa ndicho kinachoigeuza tangu siku tuliyozaliwa bila kuchoka.

Mimi nilishangaa jambo jingine pia, ila sikumwambia mtu. Bendera ile sikuwahi kuiona vizuri namna hiyo. Nje, kwenye mlingoti, ilikuwa kitambaa cha ukungu. Juu ya gunia, hatua moja kutoka puani pangu, niliiona mistari yake. Nilidhani huo ndio muujiza wenyewe aliotaka tuuone.

Alikuwa na mambo yake ya kuchekesha. Alitukataza kabisa kutiana chochote jichoni, si maziwa, si utomvu, si chai baridi, na tukiingiwa na taka tusubiri machozi, kwa kuwa Mungu aliyeweka kioo aliweka na maji ya kukioshea. Lakini Jumamosi moja nilipita kwake nikamkuta kaketi kwenye kigoda, kichwa nyuma, mkewe akimtoa kapi la mtama jichoni kwa ncha ya ulimi, namna mama zetu wanavyofanya. Aliponiona alisema ni utafiti. Tena mtu huyu aliyejua kila kilichomo ndani ya jicho hakuweza kumtazama mtu machoni. Alipozungumza nawe aliangalia bega lako. Ilikuwa haya tu, hakuwa na dharau, ila kwa sababu hiyo mambo mengi yaliyoandikwa kwenye nyuso za watoto yalimpita.

Sasa nifike kwenye madawati. Kila mwisho wa muhula, matokeo yalipotoka, mwalimu alisimama mbele na karatasi, akasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nasi tukabeba mikoba yetu na kuhama. Namba moja alikaa mbele kabisa karibu na dirisha. Wa mwisho alikaa nyuma ukutani. Mpango huo aliuanzisha yeye na aliuonea fahari. Wazazi waliupenda, kwa sababu siku ya mkutano baba aliingia darasani na kujua mtoto wake anaendeleaje bila kuuliza mtu. Nia yake ilikuwa njema, mtoto atamani kusogea mbele. Na waliokuwa nyuma wakishindwa kunakili kazi ya ubaoni, kiboko kilikuwepo.

Nilianza safu ya tatu. Muhula uliofuata nikawa ya tano, kisha ya saba, na kila nilipohamishwa nyuma kuona kwangu kulipungua, na kila kulipopungua nilifeli zaidi, mpaka ukuta ukanizuia. Nyumbani hakuna aliyefikiria macho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia mama uzi kwenye sindano, hata jioni taa haijawashwa, na shangazi zangu walinisifu kwamba nina macho ya mwewe. Basi kama si macho, ni kichwa. Baba alishaanza kusema kwamba darasa la saba litanitosha, nikae nyumbani nisaidie shambani. Nilimsikia akimwambia mama, na mama hakubisha.

Siku yenyewe mwalimu alikuwa akirudia habari za mboni. Alikuwa amekata vipande vya kadi kutoka maboksi ya majani ya chai, na kila kipande amekitoboa kwa mwiba wa mgunga. Alitaka tuone kwamba mlango ukiwa mdogo chumba kinakuwa na giza, lakini picha haipotei. Tushike kadi karibu kabisa na jicho, tutazame ubao, tuseme tunaona nini. Wenzangu wakasema wanaona giza kidogo, ubao uleule. Mimi nilishika yangu, nikafumba jicho moja, na maneno yakasimama.

Sijui niseme vipi. Ubao nilioujua mimi ulikuwa na moshi mweupe. Sasa kulikuwa na mistari, na mistari ilikuwa herufi, na herufi zilikuwa Kiingereza. Niliposogeza kadi kidogo kuelekea pembeni nikaona orodha ya wapiga kelele, ile ambayo kiranja huandika kwenye kona ya ubao, na jina langu lilikuwa la pili. Nilikuwa nikichapwa kila Ijumaa kwa orodha hiyo, na siku zote nilidhani kiranja anaikariri kichwani. Nikainua mkono.

"Mwalimu, kumbe jina yangu imeandikwa hapo kwa kona."

Darasa likacheka. Jina lilikuwa pale tangu Jumatatu. Mwalimu naye alitaka kucheka, kisha akaacha. Akaniambia nitoe kadi nisome. Nikasema sioni. Akasema niirudishe. Nikasoma. Akafuta, akaandika maneno matatu mengine, madogo zaidi, akaja mpaka kwenye dawati langu na kusimama karibu.

"Toa. Soma."

"Sioni, mwalimu."

"Weka."

Nikayasoma yote matatu.

"Hauoni ubao tangu lini?"

"Mimi nilidhani ndio hivyo," nikasema. "Nilidhani ubao ni ya watu wa mbele."

Sikuwa na ujanja wowote katika jibu hilo. Niliamini kweli kwamba kuona ubao ni zawadi ya wanaofaulu, kama vile kukaa karibu na dirisha. Mwalimu alinitazama, si begani, machoni, na kwa muda mrefu. Kisha akaliambia darasa litoke likacheze, ingawa kengele ilikuwa haijalia. Nilipogeuka mlangoni nilimwona kaketi mahali pangu, magoti yakigonga dawati, kadi jichoni.

Jioni ileile alikuja kwetu kwa baiskeli. Alimweleza baba kwa kuchora mchangani. Hili ni jicho. Huu ni mlango, hii lenzi, huu ukuta wa nyuma. Jicho la mtoto wako ni refu kidogo, basi picha ya kitu cha mbali inaangukia njiani kabla ya kuufikia ukuta, na ikifika huko imekuwa ukungu. Ya karibu inafika sawasawa, ndiyo maana anatunga uzi. Katundu kale ka kadi kanazuia mwanga wa pembeni, basi ukungu unapungua. Baba aliuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo si kichwa?"

"Si kichwa," mwalimu akasema. "Hata sijui kichwa yake iko namna gani. Sijawahi ifundisha."

Nilipelekwa hospitali mjini, na baada ya majuma kadhaa nikapata miwani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitazama tu. Miti ilikuwa na majani, moja moja, hata ile ya mbali. Vilima vya Mua havikuwa laini kama nilivyovijua; vilikuwa na mashamba, na mawe, na njia iliyopanda. Nilipofika nyumbani nilimwona mama kutoka langoni, sura yake yote, kabla hajaniita. Nilifurahi, ndiyo. Lakini acha niseme ukweli, zaidi nilikasirika. Nilijiuliza, kumbe vitu hivi vyote vilikuwa hapa siku zote, na ni nani aliyekuwa akivifaidi peke yake.

Mwalimu hakusoma tena majina na kuhamisha mikoba. Alichora herufi kubwa kwa ndogo kwenye karatasi, akapima darasa lote, na kila mtu akakaa kulingana na macho yake. Shule mbili za jirani zilizokuwa zimeuiga mpango wake wa zamani aliziendea mwenyewe kuwaambia waache. Kisha akachukua rejista za miaka ya nyuma, na likizo baada ya likizo akapanda baiskeli kuwatafuta aliowaweka nyuma.

Si wote waliompokea vizuri. Dada mmoja aliyekwisha kuolewa upande wa Kithimani alimpa chai, akamwambia kwa upole kwamba magugu anayaona vya kutosha, akamsindikiza. Mwingine alipimwa akakutwa na macho makali kuliko ya mwalimu mwenyewe. Alikuwa mvivu tu, na alihubiriwa kuhusu ubaya wa uvivu saa nzima, mtu mzima mwenye ndevu. Lakini watatu walikuwa kama mimi. Na mmoja hakupatikana. Huyo alinitangulia miaka michache. Hesabu ya mdomo hakuna aliyemshinda, ila ya kuandika ubaoni alikuwa wa mwisho kila muhula, na hakuna mtoto aliyechapwa kama yeye. Aliacha shule darasa la sita, familia ikahama. Mwalimu alinisimulia habari zake mara nyingi, na kila mara alianza na ile hesabu ya mdomo.

Miaka ikaenda. Nilijifunza cherehani, nikafungua duka la kushona mjini Machakos. Mwalimu alistaafu. Asubuhi moja, miaka ya elfu mbili ikiwa imeshakolea, aliingia dukani na boksi la miwani ya zamani ambayo kanisa lilikuwa limepewa, ya nguvu mbalimbali, akaniambia amempata yule wa hesabu ya mdomo. Yuko Masinga, karibu na bwawa, anafuga mbuzi. Alitaka twende wote. Nikamuuliza mimi nitafanya nini huko.

"Mimi nikifika atakumbuka kiboko," akasema. "Wewe ulikaa hiyo dawati."

Nikafunga duka. Tulifika mchana, boda boda wakatushusha kwenye boma la miiba. Mwalimu alipiga hodi, na kabla hajamaliza, mwanamume aliyekuwa akikarabati ua akasimama wima, mikono ubavuni.

"Hiyo ni sauti ya mwalimu," akasema, akiangalia karibu na tulipokuwa, si tulipokuwa hasa.

Tuliletewa viti. Mwalimu alikuwa ameandaa maneno njia nzima, nilimsikia akiyanong'ona, lakini alipokaa hayakuja. Basi nikasema mimi. Nilimwambia yule bwana kuhusu ubao wa moshi, na orodha ya wapiga kelele, na kadi. Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipofika pale niliposema ubao ni wa watu wa mbele, akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi.

Miwani ya kwanza haikumfaa, wala ya pili. Ya tatu aliivaa, akatazama mbuzi wake waliokuwa wakila kando ya maji, akahesabu kwa kidole, kisha akageuka kumtazama mwalimu.

"Kumbe ndio wewe," akasema. "Miaka hiyo yote nilikujua na sauti. Uso sikuwahi ona."

"Nilikuja kukuambia haukuwa mjinga," mwalimu akasema. "Ni mimi sikuona."

Yule bwana aliivua miwani, akaishika mapajani, akawa anaigeuzageuza. Nilidhani atakasirika, na nilikuwa tayari kumpa haki yake, maana mimi nilipoteza miaka miwili na yeye alipoteza shule nzima. Lakini alipofungua mdomo hakujisemea yeye.

"Niko na msichana wa darasa la nne," akasema. "Anakuwa wa mwisho kila wakati. Anatungia mama yake uzi, hata usiku. Nimekuwa nikimchapa, mwalimu. Namwambia amerithi ujinga yangu."

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Akafunga boksi, akaliweka kwapani, akauliza shule iko upande gani. Mke wa yule bwana akasema ni mbali na jua ni kali, mtoto mwenyewe atarudi saa kumi, wageni wakae wapikiwe.

"Huyu nilimfanya angoje mpaka amekuwa baba," mwalimu akasema. "Mtoto wake hatangoja mpaka saa kumi."

Yule bwana akaivaa miwani, tukatoka sote watatu.